Simu Imezeeka: Ununue Nyingine au Uendelee na Uliyonayo?

Simu haizeeki yote kwa mkupuo mmoja. Betri huchoka mapema, memori hujaa polepole, tundu la chaji hulegea, na mfumo wa simu huachwa na kiwanda siku ambayo mwenye simu hata hana habari. Kila kimoja kina umri wake na dawa yake. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Simu yangu ina miaka minne, ninunue mpya?", siwezi kumjibu kabla sijajua ni kipi kati ya hivyo kinachomsumbua. Mara nyingi na yeye hajui. Anachojua ni kwamba simu imekuwa nzito, inamkera, na matangazo ya toleo jipya yanampitia machoni kutwa nzima.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbacha nao una siku yake ya kutupwa, na zipo simu ambazo kuendelea kuzitumia ni hatari kweli. Fuata hatua hizi ujue yako iko upande gani. Utahitaji wiki moja, karatasi na kalamu, na ahadi kwamba hutanunua chochote kabla wiki hiyo haijaisha.

Hatua ya 1: Andika kero zako kwa siku saba

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Kila simu inapokuudhi, andika papo hapo: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, chaji ilikuwa asilimia ngapi. Usijaribu kueleza sababu. Andika ulichokiona tu.

Dada yangu aliponiambia simu yake "imekufa", nilimpa kijidaftari. Baada ya wiki kilikuwa na mistari kama hii:

*Jumanne, saa 2 asubuhi. Nimefungua kamera, skrini imekuwa nyeusi sekunde kama nne. Mtoto ameshashuka kwenye bembea.*

*Jumanne, saa 11 jioni. Chaji 31%. Nimepiga picha ya pili, simu imezima. Nimechomeka chaja, ikawaka ikiwa na 26%.*

*Alhamisi. Imekataa kupakua faili la kazini. Inasema nafasi imejaa.*

*Jumamosi usiku. Waya wa chaja haushiki mpaka niukunje upande wa kushoto.*

Simu iliyozima ikiwa na 31% na ikawaka ikiwa na 26% ina betri iliyochoka. Faili lililokataa ni memori iliyojaa, na kamera inayochelewa huenda ni memori hiyo hiyo. Waya usioshika ni habari ya tundu la chaji. Ukizisikia kero hizi kwa pamoja unaona simu iliyokwisha. Ukizisoma moja moja unaona kazi ya fundi ya saa moja na usafi wa jioni moja. Tungekwenda kununua simu siku ile ya kwanza, tungekuwa tumelipia kitu ambacho hakikuhitajika.

Wiki ikiisha, zipange kero zako katika mafungu. Kisha chukua simu twende kwenye kitu ambacho hakitaonekana kwenye kijidaftari hata ungeandika mwaka mzima.

Hatua ya 2: Tafuta tarehe ya mwisho ya masasisho ya usalama

Naanza na hili kabla ya betri kwa sababu fundi hana dawa yake. Kila mwezi watafiti hugundua mianya mipya katika mifumo ya simu, na kampuni hutoa masasisho ya kuiziba. Google imekuwa ikitoa taarifa ya usalama ya Android kila mwezi tangu Agosti 2015. Simu yako ikiondolewa kwenye orodha ya wanaopokea masasisho hayo, mianya yote inayogunduliwa baada ya hapo inabaki wazi, na watu wabaya wanaisoma taarifa hiyo ya kila mwezi kama unavyoisoma wewe.

Kwenye Android fungua Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu, gusa Toleo la Android. Utaona mstari wa sasisho la usalama wenye tarehe. Kama tarehe hiyo ni ya miezi miwili mitatu iliyopita, shwari. Simu nyingi za bei ya chini hupewa masasisho kila robo mwaka. Ikiwa imepita zaidi ya mwaka na simu inakwambia haina sasisho jipya, basi imeachwa.

Halafu ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, tafuta jina kamili la toleo lako na miaka ya masasisho iliyoahidiwa. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: miaka hiyo kwa kawaida huhesabiwa tangu toleo lilipozinduliwa, na siku uliyonunua wewe haihusiki. Simu iliyoahidiwa miaka mitatu, ukainunua ikiwa mpya kwenye boksi lake baada ya miaka miwili sokoni, imekubakizia mwaka mmoja.

Ahadi zenyewe zinatofautiana sana. Kuanzia Pixel 8 ya Oktoba 2023, Google iliahidi masasisho ya miaka 7. Samsung ikafuata Januari 2024 kwa Galaxy S24, miaka 7 vilevile. Apple haitangulizi ahadi kwa sauti kubwa, lakini historia yake inasomeka: iPhone 6s ya mwaka 2015 ilipata mfumo mpya (wa iPhone huitwa iOS) hadi iOS 15 ya mwaka 2021, na iPhone XR na XS za mwaka 2018 ziliachwa na iOS 26 ya mwaka 2025. Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, unawataka watengenezaji watoe masasisho kwa angalau miaka 5 tangu simu ya mwisho ya toleo hilo ilipoingizwa sokoni. Kuna simu nyingi za bei nafuu ambazo hupewa miaka miwili au mitatu tu.

Je, simu iliyoachwa inakufa siku hiyo? Hapana. Programu zake zinaendelea kusasishwa kupitia duka la programu, na kivinjari kipya husaidia kuziba sehemu ya hatari. Kwa kupiga simu, kusikiliza redio na kusoma, inaweza kuendelea miaka. Kinachonitia wasiwasi ni simu ya namna hiyo kubeba programu ya benki, barua pepe kuu na namba za siri za mambo yote. Msimamo wangu ni huu: kama masasisho yamekoma kwa zaidi ya mwaka na simu hiyo ndiyo unayofanyia mambo ya pesa, anza kutafuta nyingine, hata kama betri yake bado inafika usiku. Ndiyo sababu pekee katika mwongozo huu ambayo haina mjadala.

Baada ya masasisho ya usalama kukoma, programu nazo huanza kuiacha simu mojamoja. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android za chini ya 5.0 mnamo Oktoba 2023, na tangu Mei 2025 ikawa inadai iPhone yenye iOS 15.1 au zaidi. Programu za benki huwa kali zaidi. Ukiona ujumbe wa "kifaa chako hakitumiki tena" kwenye programu unayoitegemea kila siku, umepata jibu lako.

Andika mwaka wa mwisho wa masasisho juu ya karatasi yako kwa namba kubwa. Tutautumia kwenye hesabu.

Hatua ya 3: Pima betri

Kama masasisho bado yapo, betri ndiyo mshukiwa wa kwanza. Betri za lithiamu huchoka kwa kutumika, kwa joto na kwa umri. Uchovu wake hupimwa kwa mizunguko: ukitumia nusu ya chaji leo na nusu kesho, umemaliza mzunguko mmoja. Apple inasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na za iPhone 15 kuendelea baada ya mizunguko 1,000. Kanuni zile za Ulaya zinadai mizunguko isiyopungua 800. Anayemaliza chaji nzima kila siku anatimiza mizunguko 500 katika mwaka mmoja na miezi michache. Betri kuchoka katika mwaka wa pili au wa tatu, basi, ni jambo la kawaida kabisa.

Kwenye iPhone, fungua mipangilio ya betri usome sehemu ya afya ya betri. Ikiwa chini ya asilimia 80, betri imefika wakati wa kubadilishwa. Android za karibuni baadhi zina kipimo kama hicho. Kama yako haina, zipo programu za kukadiria uwezo wa betri, ila ziache zikusanye taarifa za chaji kadhaa kabla hujaziamini. Au pima kwa njia ya mkono: chaji hadi 100%, itumie kama siku zote, na uandike saa ilipofika 20%. Rudia siku tatu.

Dalili moja haihitaji kipimo chochote: simu kuzima ghafla ikiwa bado inaonyesha 20% au 30%, hasa ukifungua kamera au ukiwa kwenye baridi. Betri ikichakaa, ukinzani wa ndani unapanda. Kamera inapodai umeme mwingi kwa mara moja, volti inashuka ghafla na simu inajizima kujilinda. Chaji ipo, ila betri haiwezi kuitoa kwa kasi inayotakiwa.

Na hili ndilo lililowashangaza watu duniani kote mwishoni mwa mwaka 2017: Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime hovyo. Watu waliodhani simu zao zimezeeka walibadilisha betri, na kasi ikarudi. Mwaka 2018 kampuni ikashusha bei ya kubadilisha betri na kuongeza kipimo cha afya ya betri ndani ya simu. Kwa hiyo, kwenye iPhone hasa, usiuhukumu uzito wa simu kabla hujajua hali ya betri yake.

Ukibadilisha, tafuta betri halisi au ya kampuni inayojulikana. Betri bandia huandikwa namba kubwa mgongoni na kuishi miezi michache. iPhone za kuanzia XR na XS huonyesha ujumbe kwenye mipangilio endapo betri haikutambuliwa kuwa halisi. Mkumbushe fundi kuhusu gundi ya kuzuia maji. Simu iliyofunguliwa isipozibwa vizuri haina tena kinga iliyotoka nayo kiwandani, kwa hiyo usiipeleke karibu na maji kama zamani.

Tahadhari moja haina mjadala. Weka simu juu ya meza bapa, skrini juu, uitazame ubavuni kwenye mwanga. Kama skrini imenyanyuka upande mmoja, kama mfuniko wa nyuma umetuna au simu inayumba kama bakuli, betri imevimba kwa gesi. Acha kuichaji, izime, usiibonyeze wala kuitoboa, na uipeleke kwa fundi. Betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Hatua ya 4: Shughulikia uzito

Simu nzito mara nyingi ni simu iliyojaa. Memori za simu zinahitaji nafasi tupu ili kupanga na kuandika upya data. Zikikaribia kujaa kabisa, kila kitu kinakwenda kwa kusuasua: kamera inachelewa, kibodi inachelewa, picha zinagoma kufunguka. Acha angalau sehemu moja ya kumi ikiwa tupu daima.

Pa kuanzia ni WhatsApp. Ingia kwenye mipangilio yake, Hifadhi na data, kisha Dhibiti hifadhi. Itakupangia mazungumzo kuanzia linalokula nafasi kubwa zaidi. Kwenye simu ya dada yangu, kundi moja la ukoo lilikuwa limemeza gigabaiti 11, nyingi zikiwa video zilezile zilizotumwa na watu watano tofauti. Alifuta video zilizosambazwa mara nyingi, akaacha picha za familia, akazima upakuaji wa moja kwa moja. Kisha tukahamishia picha za miaka mitatu kwenye kompyuta na nakala nyingine mtandaoni. Gigabaiti 26 zikawa wazi. Tuliizima simu na kuiwasha tena, na kamera ikafunguka mara moja.

Kama bado inasuasua, ondoa programu ambazo hujazigusa kwa miezi mitatu. Ikiwa hilo halitoshi, fanya nakala ya kila kitu, kisha rudisha simu kama ilivyotoka kiwandani na usakinishe programu chache tu unazozihitaji. Ni kazi ya jioni nzima, lakini ndicho kipimo cha kweli. Simu ambayo bado inaganda baada ya kusafishwa namna hiyo, ikiwa na betri nzima, imefikia kikomo cha prosesa (chipu inayoiendesha) na RAM yake (memori ya muda ya programu zilizo wazi). RAM ya simu haiongezwi. Ile "RAM ya ziada" inayowashwa kwenye mipangilio ya baadhi ya simu inaazima sehemu ya memori ya kawaida, ambayo ni ya polepole zaidi. Inasaidia kidogo, haibadilishi simu. Mwenye simu ya gigabaiti 2 za RAM anayehitaji kutumia ramani, benki na mikutano ya video kwa pamoja hatapata nafuu kwa kufuta picha. Huyo ana sababu halali ya kubadilisha.

Hatua ya 5: Safisha kabla ya kulaumu

Waya usioshika, spika inayokwaruza, mtu wa upande wa pili anayesema hakusikii: vyote vinaweza kuwa uchafu. Zima simu. Mulika tundu la chaji kwa tochi. Utaona kama kizibo cha kijivu chini kabisa, bapa, kinachofanana na sehemu ya simu yenyewe. Ni nyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa na waya wa chaja kila siku mpaka zikawa ngumu kama kitambaa. Chukua kijiti cha meno cha mbao (chuma hapana, kinaweza kugusanisha pini), kichonge kiwe bapa, ukipitishe ukutani mwa tundu na kuvuta nje taratibu. Usichokonoe katikati, hasa kwenye tundu la USB-C lenye ulimi mwembamba unaovunjika. Nilitoa donge la ukubwa wa punje ya mchele kwenye simu ile, kisha waya ukaingia mpaka mwisho kwa mlio wa "tik" ambao dada yangu alisema hajausikia tangu simu ikiwa mpya.

Kero ya Jumamosi ikafutwa kwa kijiti cha meno.

Hatua ya 6: Hakikisha mtandao haujakuacha

Kampuni za simu katika nchi mbalimbali zimekuwa zikifunga mitandao ya zamani ili masafa yake yatumiwe na mipya. Nchini Marekani, kampuni kubwa zilifunga 3G mwaka 2022, na simu ambazo hazikuweza kupiga kupitia 4G zikabaki haziwezi kupiga kabisa, ingawa kila kitu kingine kilikuwa kizima. Tafuta taarifa ya kampuni ya laini yako kuhusu 2G na 3G, kisha angalia kwenye mipangilio ya laini kama simu yako ina upigaji kupitia 4G, unaoandikwa VoLTE. Kukosa 5G peke yake si sababu ya kutupa simu. Kwa ujumbe, video na ramani, 4G yenye nguvu inatosha.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya mwaka

Sasa unajua nini kimeharibika na masasisho yanaisha lini. Watu wengi hulinganisha bei na bei. Linganisha bei na miaka.

Chukua bei ya simu mpya unayoitamani uipe namba 100, usiangalie ni sarafu gani. Tuseme itapata masasisho kwa miaka 5 ijayo: kila mwaka unalipa 20. Kubadilisha betri na kioo cha simu uliyonayo kunagharimu 18, na imebakiza miaka 2 ya masasisho: kila mwaka ni 9. Simu mpya ya bei ya chini inagharimu 40, lakini masasisho yake ni ya miaka 2 tu: 20 kwa mwaka, sawasawa na ile ya bei kubwa, na kamera na prosesa yake ni hafifu zaidi. Toleo la juu la miaka miwili iliyopita, lililotumika vizuri, linagharimu 50 na limebakiza miaka 5: 10 kwa mwaka.

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Lakini matokeo ya namna hii nimeyaona yakijirudia kila ninapokaa na mtu kupiga hesabu. Simu mpya ya bei rahisi yenye masasisho mafupi huwa ghali kuliko ilivyodhaniwa, na toleo la juu lililopitwa kidogo na wakati huwa chaguo zuri sana. Matengenezo hushinda iwapo yamebaki masasisho ya mwaka mmoja na nusu au zaidi na kilichoharibika ni kimoja au viwili. Kama kioo, betri na tundu vyote vimekwisha kwa pamoja na umebakiza miezi minane ya masasisho, usiitengeneze.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye risiti. Sehemu kubwa ya hewa chafu inayosababishwa na simu katika maisha yake yote hutokea wakati wa kuitengeneza, kabla hujaiwasha hata mara moja: kuchimba madini, kusafisha, kutengeneza chipu. Umeme wa kuichaji ni kidogo ukilinganisha. Kila mwaka unaoiongezea simu yako unaipunguzia dunia mzigo halisi, na mimi hilo naliweka kwenye mizani kwa uzito wote.

Hatua ya 8: Sikiliza hitaji lako bila aibu

Hesabu haisemi yote. Kama unaishi kwa picha unazopiga na kamera yako haioni gizani, simu mpya ni chombo cha kazi. Kama macho yamedhoofika na skrini ndogo inakutesa, skrini kubwa ni nafuu ya kila saa. Kama usikivu umepungua na simu mpya inaunganika vizuri na kifaa chako cha masikio, nunua, usisubiri ya sasa ife. Mzazi wangu alivumilia maandishi madogo kwa miaka kwa sababu simu "ilikuwa bado nzima". Natamani ningemnunulia kubwa mapema.

Zipuuze sababu hizi: toleo jipya limetoka, mkataba wa malipo umeisha, wenzako wamebadilisha. Tofauti kati ya toleo la mwaka huu na la mwaka jana la simu ileile siku hizi ni ndogo mno. Ukiruka matoleo matatu au manne ndipo unaiona kwa macho.

Hatua ya 9: Ukiamua kununua

Anza na miaka ya masasisho iliyobaki. Toleo ambalo kampuni haitaji miaka yake, liache. Kisha RAM na memori: chukua kubwa kuliko unayodhani inakutosha leo, hasa kama simu haina nafasi ya kadi. Kisha uliza kama betri na kioo vya toleo hilo vinapatikana kwa mafundi. Kamera ije baadaye, na utazame picha zilizopigwa usiku, maana mchana karibu simu zote ni nzuri.

Kama ni iliyotumika, usitoe pesa kabla ya kuishika mkononi ikiwa imewashwa. Piga *#06# uone namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu), uilinganishe na ya kwenye boksi au kwenye mipangilio, na uikague kwenye huduma ya ukaguzi ya nchi yako ikiwa ipo. Mwombe muuzaji airudishe kiwandani mbele yako na uiwashe upya mpaka skrini ya mwanzo. Tangu mwaka 2013 iPhone zina kufuli linaloifunga simu kwenye akaunti ya mwenyewe, na Android zina kinga kama hiyo tangu toleo la 5.1. Simu ikidai akaunti ya mtu mwingine, mrudishie, hata kama anaapa kwamba atakutumia nywila jioni. Weka laini yako, piga simu, rekodi sauti uisikilize, chomeka chaja, piga picha kwa kamera zote, fungua ukurasa mweupe uone madoa ya skrini. Kwenye Samsung nyingi, *#0*# hufungua menyu ya majaribio ya skrini, spika na vihisi. Muuzaji mwaminifu atakupa dakika kumi hizo.

Hatua ya 10: Hama taratibu

Usiifute simu ya zamani siku unayopata mpya. Ziache zote mbili zikiwa hai kwa wiki mbili. Picha na anwani huhama kirahisi. Vinavyosahaulika ni programu zinazotoa namba za uthibitisho wa kuingia kwenye akaunti. Nyingine huhitaji kuhamishwa ndani ya programu yenyewe simu ya zamani ikiwa bado inafanya kazi, na ukishaifuta unaweza kufungiwa nje ya barua pepe yako. Hamisha hizo kwanza. Zifuate programu za benki, ambazo nyingi zitataka usajili upya wa kifaa, kisha nakala ya WhatsApp. Katika wiki hizo mbili, kila utakaposhika ya zamani kutafuta kitu, andika ni kitu gani, ukihamishe.

Ukikaa siku tano bila kuigusa, toa laini na kadi ya memori, ondoka kwenye akaunti zako zote, ndipo uirudishe kiwandani. Kuondoka kwenye akaunti kunatangulia kufuta, la sivyo utamkabidhi mtu mwingine simu iliyofungwa kwa jina lako. Kama itahifadhiwa kwenye droo, iache na chaji nusu na uichaji tena kila baada ya miezi michache, maana betri iliyoachwa tupu kabisa inaweza isiamke. Kama haifai tena kwa lolote, ipeleke panapopokelewa betri na vifaa vya umeme. Isiingie kwenye taka za nyumbani, ambako betri ikipondwa inaweza kuwasha moto.

Simu ya dada yangu bado haijafika hatua hii. Betri mpya iliwekwa, memori imesafishwa, tundu linashika, na juu ya karatasi yake tuliandika mwaka wa mwisho wa masasisho. Ameibandika ndani ya kabati, na mwaka huo ukifika tutakifungua tena kijidaftari ukurasa wa kwanza.